Gego la Muhuri

Mwandika mabango ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Herufi alikuwa na imani mbili. Ya kwanza ni kwamba Mungu yupo. Ya pili ni kwamba mstari haunyooki bila pipi shavuni.

Hii ya pili alirithishwa na fundi mzee aliyemfunza kazi. Ukitaka kuvuta mstari mrefu, tuseme mguu wa herufi L kwenye bango la duka, unatia pipi ngumu shavuni, unafumba mdomo, unapumua kwa pua, na mkono unatulia tuli. Aliyebisha alionyeshwa ushahidi: mabango yake yalitapakaa mtaani kuanzia kwa kinyozi hadi kwa muuza magodoro, na hapakuwa na herufi hata moja iliyoyumba. Ushahidi wa upande wa pili, yaani meno yake, hakumwonyesha mtu. Alicheka mdomo umefumbwa nusu, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Binti yake alikuwa na miaka minane. Jina la Muhuri alipewa na bibi yake, mama yake Fundi, siku ile ile aliyozaliwa. Bibi alimtazama mara moja tu akasema, "Mwanangu kagonga muhuri wake hapa, msinisumbue na maswali." Na alivyozidi kukua ikaonekana kwamba muhuri haukugongwa usoni peke yake. Alitembea mikono nyuma kama baba yake. Akifikiri, alijikuna sikio kama baba yake. Akila, alitafuna upande wa kushoto tu, kwa kuwa baba yake alitafuna upande wa kushoto tu, na hakuna aliyejiuliza kwa nini baba mtu ameustaafisha upande wa kulia.

Mama yake Muhuri alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka hospitalini, zamu ya alfajiri, akiondoka nyumbani wengine wangali wanakoroma. Kwa hiyo mtoto alikuwa mikononi mwa baba asubuhi, na akitoka shule alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya baba. Kilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, kimejaa vibao, ngazi, makopo ya rangi na harufu ya kumpigisha mgeni chafya. Muhuri alikuwa na meza yake ndogo karibu na mlango. Kwenye rafu kulikuwa na kopo kuukuu la maziwa ya unga, na ndani ya kopo kulikuwa na pipi.

Kabla ya kushika brashi, baba alichukua moja. Kabla ya kushika penseli, Muhuri alichukua moja. Kisha wakaandika, kila mtu kazi yake, kimya, shavu limetuna. Ukiingia ghafla ungedhani nyumba imepata matubwitubwi. Na lazima tuseme ukweli: hakuna mtoto darasani mwao aliyekuwa na mwandiko kama wa Muhuri. Mwalimu aliinua daftari lake juu wenzake walione. Baba mtu alipoambiwa hayo, kichwa kilimvimba kuliko shavu.

Sasa, Jumapili moja mchana walikuwa mezani, Muhuri akauma mkate akapiga ukelele. Aliweka mkono shavuni akalia kilio kile ambacho mzazi akikisikia anajua si cha deko. Mama yake alimfunua mdomo, akachungulia, akanyanyuka.

"Baba Muhuri, kesho unampeleka kwa daktari wa meno. Mimi nina zamu."

"Si tungojee kidogo? Pengine ni jino la utoto linataka kutoka."

"Hili halitoki, hili linaoza. Kesho."

Mama Muhuri alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyahesabu. Fundi Herufi akaufyata.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mfupi sana, hata akawa na kijibao cha kusimamia ili aweze kuuinamia mdomo wa mgonjwa. Alimsemesha Muhuri mwenyewe badala ya kusema naye kupitia kwa baba yake, jambo lililompendeza mtoto. Akachungulia kwa kioo kidogo chenye mkono mrefu, akagusa hapa, akagusa pale, akasafisha palipooza, kisha akashuka kwenye kijibao.

"Gego lako moja lina tundu," alisema. "Na gego hili si la utoto. Liliota ulipokuwa na miaka sita hivi, na ndilo utakalotafunia mpaka uwe bibi kizee. Likitoka, hakuna jingine nyuma yake. Nimelisafisha na nitaliziba sasa hivi, lakini tundu lilikuwa limechimba sana. Mrudi baada ya wiki tano. Kama kizibo kimekaa na jino halijaendelea kuoza, tumepona. Kama limeendelea, itabidi niling'oe."

"Na mimi nifanye nini?" Muhuri aliuliza.

"Mswaki asubuhi, mswaki kabla ya kulala. Pipi hakuna, soda hakuna. Ukisikia kiu, maji." Kisha akamgeukia Fundi. "Na wewe baba, mara ya mwisho umeonwa meno lini?"

"Mimi?" Fundi alitazama saa ukutani. "Mimi mzima kabisa, Daktari. Nina bango la watu, linaningoja."

Njiani kurudi nyumbani Fundi alimshika mtoto mkono asimwachie. Kung'oa! Aliliona lile pengo, akaliona miaka na miaka, akamwona Muhuri mtu mzima akifunika mdomo kwa kiganja anapocheka. Akaapa kimoyomoyo kwamba halitatokea, na kwamba usiku haungeingia kabla hajachukua hatua.

Hatua aliichukua. Alileta brashi mbili na rangi mbili kutoka karakana, akachora mistari ya chaki kwenye ukuta wa jikoni, akafanya kazi mpaka giza likaingia. Mama Muhuri alipotoka kuoga alikuta ukuta wake unawaka kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi:

SHERIA ZA MENO
MSWAKI ASUBUHI NA USIKU
PIPI NA SODA MARUFUKU
KIU NI MAJI

Lilikuwa bango zuri, hakuna wa kulikana. Ile S ya kwanza peke yake ilistahili fremu. Fundi alirudi nyuma hatua tatu, akafunga jicho moja, akaridhika. Mtu wa kazi yake ana ugonjwa wake: jambo likishaandikwa vizuri, anaona limekwisha kutendeka.

"Nzuri," alisema Mama Muhuri. "Ningekuwa na duka ningekupa kazi. Sasa kesho usiku mtoto akipiga mswaki, nani atasimama naye?"

"Si imeandikwa?"

"Imeandikwa, naam. Ukuta utamshikia kikombe cha maji."

Fundi akaanza kukusanya brashi zake.

Kesho yake kwenye karakana palizuka tatizo ambalo ukuta wa jikoni haukulitaja. Kulikuwa na bango la muuza viatu, herufi ndefu ndefu, na mkono wa Fundi ulikuwa unangoja pipi yake. Alilitazama kopo. Alimtazama Muhuri kwenye meza ndogo, anaandika taratibu, shavu tambarare, ulimi nje kidogo. Masikini, mtoto alikuwa anatii. Basi Fundi akalihamisha kopo nyuma ya vibao vilivyoegemezwa ukutani. Alipohitaji, alisogea kule kana kwamba anatafuta brashi, akaugeukia ukuta, akatumbukiza moja mdomoni upesi, akaielekeza kwenye shavu la mbali. Alijiona mjanja kupindukia. Nyani haoni kundule, na Fundi huyu hakuliona kwa siku kumi mfululizo.

Siku ya kumi na moja alitoka kupeleka kibao kwa kinyozi. Aliporudi, meza ndogo ilikuwa tupu. Muhuri alikuwa amesimama nyuma ya vibao, ameuelekea ukuta, daftari amelibana ukutani kwa mkono mmoja na kwa mwingine anaandika.

"We Muhuri, mbona unaandika umesimama?"

Mtoto aligeuka. Shavu lilikuwa limetuna. Hakushtuka, hakuficha, hakuinamisha kichwa, na hilo ndilo lililomchoma Fundi kuliko yote.

"Si ndivyo tunavyofanya siku hizi, baba? Tukitaka pipi tunageukia ukuta kwanza."

"Nani... tangu lini?"

"Tangu wewe ulipoanza."

Fundi aliketi juu ya kopo la rangi. Kopo halikuwa na mfuniko, lakini hilo alikuja kuligundua baadaye. Kwa wakati ule alikuwa anahesabu siku kumi, pipi mbili kila siku, ndani ya lile gego lenye kizibo kipya, na wiki zilizobaki zilikuwa tatu na ushei. Aliona aibu, aibu ya kweli. Alikuwa amemfundisha mtoto kula pipi, na sasa amemfundisha na kudanganya juu yake, na vyote viwili mwanafunzi amevishika bila kurudiwa somo.

"Iteme," alisema kwa upole. "Na mimi naitema yangu."

Muhuri alimtazama. "Na wewe unayo?"

"Ninayo."

Wakatema zote mbili kwenye kiganja cha Fundi. Mtoto akaanza kucheka, maana baba yake alikuwa na duara la rangi ya kijani kwenye makalio ya suruali, na Fundi akacheka naye ingawa macho yalikuwa yamelowa.

"Nimekudanganya, mwanangu. Nimeandika sheria nyumbani, nikaja kuivunja hapa. Basi kuanzia leo, ninalokukataza wewe nimejikataza mimi."

"Na hizi zilizobaki kwenye kopo tumpe jirani?"

"Jirani naye ana meno."

Wakazimimina kwenye debe la mafuta machafu ya kuoshea brashi, kusudi mtu asije akajaribiwa kuziokota.

Kuamua ni kitu kimoja, na mkono ni kitu kingine. Bila pipi, mstari wa Fundi Herufi uliyumba. Miaka ishirini ya kazi, na leo anavuta mguu wa V unakwenda matege! Muuza viatu alipopita kuangalia bango lake lililoandikwa VIATU IMARA, alisimama mbele yake muda mrefu akikuna kidevu.

"Fundi," akasema, "naona viatu vyangu vimelewa."

Fundi akafuta, akaandika upya, vikalewa tena. Hapo hofu ikamwingia. Kuandika ndiyo kazi pekee aliyoijua, na kazi ndiyo mkate wa nyumbani. Alijaribu kuweka kokwa la tunda shavuni. Likawa kubwa mno, akatokwa mate kwenye herufi mbichi. Alijaribu karoti nzima. Ikachungulia nje ya midomo kama sigara nono ya jenerali, kila aliyepita barabarani akampigia saluti. Alijaribu kifungo cha shati, akapiga chafya, akakimeza. Siku tatu zilizofuata Mama Muhuri alimwuliza kila asubuhi, kwa heshima zote, kama mgeni ameshaondoka.

Muhuri aliyatazama majaribio hayo yote kwa makini. Jioni moja akaweka penseli chini.

"Baba, kwani ile pipi ilikuwa inafanya nini hasa?"

"Inakufumbisha mdomo. Mdomo ukifumba, unapumua kwa pua, pumzi inatulia, mkono unatulia."

"Si ufumbe tu?"

"Nikifumba nasahau. Nikisahau naanza kulalamika, nikilalamika mstari unakwenda."

Mtoto akajikuna sikio. "Ukivuma je? Mtu akivuma hawezi kufumbua." Akaanza kumwonyesha: "Mmmmmm."

Fundi alijaribu kwa kumridhisha tu. Alichovya brashi, akaweka ncha kwenye mstari wa chaki, akavuma kama nyuki aliyeshiba, akashuka. "Mmmmmm." Mguu wa herufi ukateremka, umenyooka, mweusi, safi, kutoka juu mpaka chini. Alivuma wa pili. Akavuma wa tatu. Kisha akatupa brashi, akamnyanyua Muhuri juu, akazunguka naye karakana nzima mpaka ngazi ikaanguka.

Tangu hapo ukipita nje ya karakana yao saa za alasiri ungesikia mivumo miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Wateja walizoea. Mwalimu hakuzoea. Kwenye daftari la Muhuri siku moja kuliandikwa kwa kalamu nyekundu: "Mzazi, tafadhali. Mwanao anavuma anapoandika. Tangu Jumatatu darasa zima linavuma. Miandiko imekuwa mizuri, lakini mimi sijisikii nikisema." Fundi aliisoma barua hiyo kwa sauti mara mbili, akamsomea na Mama Muhuri, akacheka mpaka akashika mbavu.

Na nyumbani je? Nyumbani ule ukuta wa jikoni ulianza kupata wafuasi. Kila jioni walisimama watatu kwenye bomba la uani, kila mmoja na mswaki wake, wakashindana nani atatoa povu jingi bila kumwagia miguu. Mama Muhuri, pamoja na umakini wake wote, ndiye aliyekuwa bingwa. Soda ilihama mezani, jagi la maji likahamia. Fundi aligundua kwamba maji yana ladha, jambo aliloliona la ajabu kwa mtu wa umri wake, akawaeleza watu wengi ambao hawakumwuliza. Muhuri alikunywa kila baba alipokunywa, bilauri kwa bilauri, na usiku wakapishana kwenda chooni.

Lakini jioni moja pale bombani Muhuri alichungulia.

"Baba, povu lako jekundu."

"Ni rangi hiyo, mwanangu. Rangi ya kazi."

"Imeingiaje mdomoni?"

Mama Muhuri akatoa mswaki kinywani. "Upande wa kulia huo, ambao hutafunii mwaka wa pili sasa. Unadhani sioni? Mficha maradhi, kifo humuumbua, Baba Muhuri. Nenda ukaonwe."

"Aa, mdomo usiofunguliwa haung'olewi jino," alijibu Fundi, na akakonyeza.

Mama akacheka, akatikisa kichwa. Mtoto hakucheka. Alilisikiliza neno hilo, akalimeza, akaendelea kupiga mswaki.

Wiki tano zikatimia. Safari hii mama aliomba ruhusa kazini akanyimwa, kwa hiyo ni wawili wale wale waliokaa kwenye benchi la daktari wa meno. Walipoitwa, Muhuri alipanda kwenye kile kiti kirefu bila kusaidiwa, akalala, akaikunja mikono kifuani. Daktari akapanda kijibao chake, akawasha taa.

"Haya, rafiki yangu. Fungua tuone."

Mdomo ukabaki umefumbwa.

"Fungua kidogo tu. Natazama kwa kioo, sina kingine mkononi. Ona."

Muhuri aliona, na hakufungua. Muuguzi akaja na utani wake, akashindwa. Fundi akabembeleza, akaahidi begi jipya la shule. Akaona haitoshi, akatisha. Akaona aibu, akarudi kubembeleza. Mtoto aliyetii kila kitu kwa wiki tatu alikuwa amegeuka jiwe. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni, midomo imebanwa mpaka imepauka.

"Unaogopa nini?" daktari aliuliza.

Muhuri alijibu bila kuachanisha meno. "Mdomo usiofunguliwa haung'olewi jino."

"He! Nani kakufundisha?"

Kidole kidogo kikainuka taratibu kutoka kifuani, kikamwelekea Fundi Herufi.

Daktari hakumgombeza. Alizima taa, akashuka, akamvuta Fundi pembeni. "Baba, lazima nilione jino hili leo. Lile tundu lilikuwa karibu na mzizi. Kama linaoza chini ya kizibo na tukaliacha, atapata jipu, na hapo halitaokoleka tena. Siwezi kumfungua mdomo kwa nguvu. Sitaki, na wewe hutaki."

Fundi alirudi kwenye kiti, akainama. "Muhuri wangu. Nifanye nini ufungue?"

Mtoto alimtazama kwa macho yale yale ambayo Fundi aliyaona kila asubuhi kwenye kioo cha kunyolea.

"Fungua wewe kwanza."

Hapa tusimcheke. Fundi Herufi alipokuwa mdogo kuliko Muhuri, aling'olewa jino akiwa ameshikwa na watu wanne, mmoja kwa kila mkono na mguu, na ganzi hapakuwa nayo. Hakuwahi kumsimulia mtu, hata mkewe. Ndiyo maana alitafuna upande mmoja miaka miwili, akala na maumivu, akalala na maumivu, akayafanyia mzaha. Sasa alisimama katikati ya kile chumba cheupe, na alijua vizuri kwamba akitoa udhuru wowote, hata mzuri namna gani, udhuru huo huo atarudishiwa sasa hivi neno kwa neno.

"Shuka basi," alisema. "Nipishe."

Alipanda. Kiti kilikuwa kimeshapata joto la mtoto. Daktari akawasha taa, na Fundi akafumba macho, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza mbele ya mtu baada ya miaka thelathini.

Daktari alitazama kwa muda. Akagonga jino moja kidogo, na Fundi akaruka.

"Meno mengine yanatibika," alisema daktari. "Fizi zimeanza kupona, naona umekuwa ukipiga mswaki sawasawa siku za karibuni. Lakini hili limekufa, baba. Hili ni la kung'oa. Naweza kulitoa leo kwa ganzi, au nikupangie siku nyingine ukajiandae."

Siku nyingine! Neno tamu lilioje. Lilimfika Fundi mpaka kwenye ncha ya ulimi. Alifumbua macho akamwona Muhuri amesimama upande wa miguuni, kidevu kiko sawa na ukingo wa kiti, anangoja jibu pamoja na daktari.

"Leo," alisema.

Sindano ilimchoma, kisha shavu likawa si lake. Akasikia koleo likigonga sahani, akasikia jino likilalamika ndani ya taya, na ingawa hakukuwa na maumivu, hofu haikuwa na habari hiyo. Mikono aliidhibiti. Miguu ilimshinda; viatu vyake vilitetemeka vikagongana kwa kelele ya kusikika. Halafu akahisi kitu kimelalia kiatu cha kulia. Muhuri alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu yake, anakituliza.

"Tayari," alisema daktari. "Limetoka."

Fundi alidhani anataniwa. Alijinyanyua, akalitazama jino jeusi kwenye sahani, akawekewa pamba, akaambiwa aume. Aliteremka, na kabla hajapata pa kukaa, Muhuri alikuwa ameshapanda juu ya kiti. Hakuambiwa. Alilala, akafungua mdomo mpaka daktari akamwomba apunguze.

Kioo kikaingia, kikazunguka. Daktari akagusa gego, akapuliza hewa, akagusa tena, akasogeza taa. Fundi aliuma pamba, asiweze kuuliza chochote, asiweze hata kumeza mate vizuri, na moyo ulikuwa unampiga kwenye lile shavu lisilo na hisia.

"Kizibo kimekaa," daktari alisema hatimaye. "Chini yake ni kugumu, hakujaoza zaidi. Na fizi safi kabisa. Gego hili ni lako, bibi mdogo. Zeeka nalo."

Muhuri alifumba mdomo, akaupeleka ulimi kulikagua gego lake, akatabasamu.

"Haya niambie," daktari akamwuliza huku akimsaidia kuketi. "Mbona hukuogopa tena?"

"Niliogopa," alisema Muhuri. "Baba pia aliogopa, nilimshika kiatu nikasikia. Lakini alifungua."

Fundi Herufi alitaka kusema neno. Nusu ya uso ilikuwa na ganzi na mdomo umejaa pamba, kikatoka kitu ambacho hakikuwa neno. Basi akamkumbatia binti yake pale pale kwenye kiti, akalia kwa furaha mbele ya daktari na muuguzi bila kujificha, na wao wakamngoja amalize.